Wet Leg na albamu yao ya pili, moisturizer: besi na drams ndo zimeibeba

Nianze na jibu kabisa kwa wale wa haraka: hii albamu ni kali. Nusu ya kwanza hakuna hata wimbo mmoja wa kuruka, baada ya hapo kuna nyimbo nne zinalegea, halafu mwishoni inajishika tena. Kama umekulia nyumba ambayo redio ya Jumapili mchana ni zilipendwa tu na masikio yako yamezoea kufuata gitaa kabla ya maneno, usiogope kwamba ni wazungu na ni Kiingereza, tena Kiingereza cha kuongea haraka haraka, itakuingia tu. Na kama unapiga chombo chochote, iwe kanisani, iwe kwenye bendi ya harusi kama mimi, hii ni lazima uisikilize na ntaeleza kwa nini, maana hapa Mwanza naona watu wengi wanaipita kwa sababu jina hawalijui au wameona ile kava wakaghairi. Kava kweli inatisha, dada wa watu kachuchumaa, kucha ndefu kama za mnyama, anacheka kicheko ambacho sio cha furaha, na mwenzake pembeni amegeuza mgongo kabisa hata uso humuoni. Msiishie hapo.

Kwa wasiowajua, Wet Leg ni bendi ya roki, walianza wadada wawili, Rhian Teasdale ambaye ndo mwimbaji na Hester Chambers wa gitaa, wametokea Isle of Wight, kisiwa cha kusini mwa Uingereza ambacho mpaka leo hakina daraja, unavuka kwa feri. Watu wa Ukerewe hapo mmeshaelewa kila kitu. Ukikulia kisiwani mambo ya mjini yanakufikia yakiwa yamechelewa, wanaopiga muziki mnajuana wote, na ukitaka watu wakusikie lazima kwanza uvuke maji. Kisiwa chao kwa ukubwa hakifikii Ukerewe, ila kina historia nzito ya muziki kwa sababu ya lile tamasha la Agosti 1970 ambalo Jimi Hendrix alipiga wiki chache tu kabla hajafariki. Hawa wawili walikutana chuoni hukohuko kisiwani wakisoma muziki, wakahangaika kila mtu kivyake kwa miaka, halafu 2021 wakatoa wimbo mmoja, Chaise Longue, ukalipuka. 2022 albamu ya kwanza ikaingia namba moja Uingereza, Februari 2023 wakabeba Grammy mbili. Mi niliwajua kipindi hicho cha Grammy na nikawa naipenda ile albamu ya kwanza ila kuna kitu kilikuwa kinanikosesha raha na sikuweza kukitaja mpaka nilipoisikia hii mpya.

Kitu chenyewe ni hiki. Albamu ya kwanza walirekodi kabla dunia haijawajua, kabla hawajasimama jukwaani usiku baada ya usiku. Nyimbo zilikuwa na akili, zinachekesha, ila unasikia kabisa ni kazi iliyopangwa studio na watu wachache. Wale kaka watatu mnaowaona kwenye video za laivu, Ellis Durand wa besi, Henry Holmes wa drams na Joshua Mobaraki wa gitaa na kinanda, walikuwa wameitwa kuwasindikiza jukwaani. Wakazunguka nao dunia nzima. Hii ya pili, iliyotoka tarehe 11 Julai 2025 chini ya lebo ya Domino, prodyuza ni yuleyule Dan Carey wa mwanzo, ila sasa wote watano ni wanabendi kamili na wametunga pamoja, walijifungia kwenye nyumba huko kijijini, mchana wanatunga usiku wanaangalia filamu za kutisha. Na hiyo tofauti inasikika jamani, sio maneno ya kwenye matangazo. Watu waliopiga pamoja jukwaani muda mrefu wana namna ya kusubiriana. Mpiga drams anajua Rhian anavuta pumzi saa ngapi. Huwezi kuiga hiyo kwa kompyuta hata uwe na programu ya bei gani.

Mfano wimbo wa kwanza, CPR, jina ni ile huduma ya kwanza ya kumkandamiza kifua mtu aliyezimia. Tuliuweka siku ya mazoezi, chumba chetu kiko Mabatini, magodoro ya zamani yameegemezwa ukutani ili majirani wasituchukie, simu tumechomeka kwenye miksa. Unaanza na besi na drams tu. Besi ina noti chache, zinajirudia, hazina haraka wala hazina madoido, drams ni kavu kabisa hamna mwangwi, snea, ile ngoma ya mlio mkali, inagonga kama iko chumba hichohicho mlichokaa. Kaka yetu wa besi akaweka chai chini, akachukua gitaa lake, akaanza kuufuata. Noti akazipata mara moja maana ni rahisi, mtoto wa sandeiskuli anazipata. Ila akawa anapiga na haikai. Noti ni zilezile, wimbo sio uleule. Akasimamisha, akarudisha mwanzo, akasikiliza ameinamisha kichwa, mwisho akasema, "Dada, huyu jamaa siri yake iko kwenye kuzima. Anaizima noti kabla haijaisha ili snea ipate pa kukaa." Akaweka kiganja cha kulia juu ya nyuzi, akajaribu tena, kila noti anaikata fupi, na mpiga drams wetu bila kuambiwa akaingia na fimbo pembeni ya ngoma. Hapo ndo ikakaa. Chumba kizima kikaanza kutikisa kichwa. Juu ya hiyo besi Rhian haimbi, anaongea, kwa sauti baridi kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, mapenzi yamempata na anayachukulia kama dharura ya kupigia simu ya msaada, halafu magitaa yanaingia kwa mkupuo kwenye kiitikio na ile baridi yote inaungua. Ukiusikiliza kwenye simu bila hedifoni hupati hata robo ya huo utamu.

Wimbo wa tatu, catch these fists, ndo ulitangulia kutoka kabla ya albamu na ndo nadhani wengi mmeukuta mtandaoni. Mada ni dada yuko zake klabu na marafiki, amekuja kucheza, anatokea mwanaume anajileta, na yeye hana muda wa mapenzi anataka ngumi. Sasa ngoja niseme, mimi natoka mazoezini saa nne usiku, nimebeba gitaa mgongoni, natembea kutoka kituoni hadi nyumbani Kirumba, na hakuna usiku napita bila mtu kuniita, mrembo, msanii, njoo utuimbie, usipojibu unatukanwa. Kwa hiyo huu wimbo ulinifika pabaya, kwa maana nzuri. Rifu yake, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ni ya kukata na kuachia, kukata na kuachia, gitaa na besi wanapiga kitu kimoja kwa pamoja kwa hasira, beti anaziongea kwa kebehi halafu kiitikio kinakuja kama mlango umepigwa teke. Kinachonifurahisha ni kwamba hauombi huruma. Nyimbo nyingi za kina dada kuhusu kusumbuliwa barabarani huwa zinalia, na kulia kuna nafasi yake sikatai, ila huu hauna machozi, ni mtu aliyesimama wima. Mdogo wangu wa miaka 17 haelewi nusu ya maneno na bado anauimba akifua, na nimemuacha aimbe.

Ila kwangu bora kuliko zote ni mangetout, wa sita. Hapo ndo utajua Rhian amekua kwenye kuimba. Albamu ya kwanza alikuwa anaongea sana, karibu nyimbo zote sauti iko palepale kati ya kuimba na kusimulia, inafika mahali unachoka. Hapa anaanza laini, melodi tamu kabisa ya mtoto mzuri, anamsimulia kaka mmoja mambo ya maharage ya miujiza kama kwenye zile hadithi za kizungu, unadhani ni wimbo wa mapenzi, kumbe anamwambia apotee na asirudi tena maisha yake yote. Na kadiri maneno yanavyozidi kuwa makali sauti haipandi, inabaki tamu vilevile, magitaa ndo yanapanda kwa niaba yake. Huo ni ufundi. Mtu wa kawaida angepiga kelele kwenye neno la hasira, yeye kelele amewaachia vyombo. Watunzi wa hapa nyumbani naomba mliangalie hilo, kwa sababu sisi tunapenda kulilia neno mpaka liishiwe nguvu.

Davina mccall, wa nne, unahitaji maelezo kidogo. Huyo Davina McCall ni mtangazaji wa televisheni wa Uingereza aliyekuwa anaendesha Big Brother ya kwao, na mshiriki akitolewa mle ndani alikuwa na kauli yake ya kumwambia kwamba anakuja kumchukua. Waingereza wote wa rika hilo wanaijua kauli hiyo. Rhian ameichukua akaigeuza ahadi ya mapenzi, popote utakapokuwa umekwama nakuja kukutoa. Bila kujua hilo unaweza kuona wimbo hauna kichwa wala miguu, ukilijua unakuwa mtamu sana, wa taratibu, wenye joto, na kinanda kimewekwa nyuma hakisumbui. Jennifer's body unaofuata nao jina ni la filamu ya kutisha ya 2009, ndo yale mambo ya kuangalia filamu usiku yameingia kwenye tungo, na magitaa humo yamelowa mwangwi mpaka huwezi kujua lipi ni la Hester lipi ni la Joshua, mimi mtu wa rizimu nauabudu ule wimbo. Liquidize, wa pili, sina mengi, ni wimbo wa mtu anayejiuliza kati ya viumbe vyote duniani imekuwaje achaguliwe yeye, mfupi, mtamu, unapita.

Haya, sasa palipolegea. Kuanzia pond song mpaka don't speak, yaani wa saba mpaka wa kumi, albamu inapoteza mwendo na matatizo nayaona ni matatu. Kwanza mada. Karibu albamu nzima ni mtu amependa na hajiwezi, na hilo sio kosa, kupenda kuna mambo mengi, ila pond song na pokemon zinasema jambo moja kwa njia zinazokaribiana mno, nataka kuwa na wewe, twende mahali, nimechanganyikiwa, na zimewekwa pamoja, wa saba na wa nane, sikio linaona kama limesimama. Pokemon yenyewe ina biti nzuri ya kuendeshea gari, kinanda kinang'aa, ila ungekaa peke yake mbali na mwenzake ungeheshimika zaidi. Pili ni pillow talk, ambao vyombo vyake ni moto, gitaa limewekewa ukwaru mpaka linanguruma kama mashine ya kukoboa, ila maneno ni ya chumbani moja kwa moja bila hata kitambaa, na sio kwamba nashtuka, sisi ni watu wa pwani ya ziwa tumekua tukisikia nyimbo za kwenye kichen pati, mama zetu wakiamua kufunda wanasema mambo mazito kuliko hayo, ila wanasema kwa mafumbo na mafumbo ndo yanafanya ucheke na ukumbuke. Hapa hamna fumbo. Limesemwa, limeisha, halina la kurudia kulisikiliza.

Tatu ni don't speak, ambao ni tungo ya Hester na hilo nimelifurahia kwa sababu huyu dada anajulikana hapendi kamera, ndo huyo aliyegeuza mgongo kwenye kava, ila sauti ya kuimba imewekwa chini mno kwenye miksi. Nimeisikiliza kwa hedifoni, kwenye gari, kwenye sabufa ya nyumbani, kote naitafuta. Sauti nyembamba ina uzuri wake lakini ukiizika chini ya magitaa mawili na drams inakuwa kama mtu anaongea chumba cha pili. Hilo ni la prodyuza na sielewi kwa nini wameliacha, maana kwenye nyimbo nyingine zote miksi ni safi.

Kinachoiokoa albamu ni mbili za mwisho. 11:21 ni wimbo wa polepole, pekee humu ndani ambao drams hazisukumi, na Rhian anaimba kweli kweli, anashikilia noti, hakuna kebehi, hakuna utani, ni mtu anammiss mtu. Usiku umeme umekatika, mtaa mzima kimya, jenereta la jirani nalo limezimwa, weka huo wimbo uone. Halafu u and me at home unafunga kwa kelele za furaha, unahusu kukaa ndani na mtu wako bila mpango wowote mkiagiza chakula, na mwishoni bendi nzima inaimba, na sauti za kiume zinasikika, sio kwaya iliyopangwa, ni watu wameizunguka maiki. Mtu aliyewahi kwenda Bujora pale Kisesa mwezi wa sita akawaona Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wakishindana anajua raha ya sauti nyingi ambazo hakuna anayejali nani kaongoza. Ni furaha ya aina hiyo. Ndo maana nasema hii albamu ni ya watu watano, wangebaki wawili na mashine huo mwisho usingekuwepo.

Sasa nirudi kwenye hili la bendi kwa sababu linanihusu na linaniuma. Mji wetu una vipaji, tumetoa Fid Q, watoto wa Nyamanoro na Igoma wanatengeneza biti kwenye laptopu zenye skrini zilizopasuka na zinatoka nzuri ajabu, hilo hakuna wa kulibeza. Ila ukienda shoo nyingi ni plei beki, msanii anaruka huku wimbo wake mwenyewe unamwimbia, na kijana akikuambia ana bendi ukimuuliza mpiga drams ni nani anakuonyesha simu. Naelewa sababu, drams seti ni hela, chumba cha mazoezi ni hela, kubeba vyombo kwa bajaji mpaka ukumbini ni hela, na mwenye sherehe anataka kulipa watu wawili sio saba. Lakini muziki wa nchi hii umejengwa na bendi. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ukisikiliza vizuri utasikia gitaa la solo, la rizimu, la besi, kila moja lina kazi yake na hayagongani, wanapishana kama watu wenye adabu. Wet Leg wanafanya hilohilo kwa lugha yao. Tofauti ni kwamba wao hawana solo. Kabisa. Hakuna hata mahali gitaa linaachiwa lichanue dakika mbili kama wazee wetu walivyofanya kwenye chemka, nyimbo zao ni dakika tatu, wameingia, wamesema, wametoka. Mwanzoni nilikuwa nasubiri ile sehemu ya kuchemka na haiji, na kwa mtu aliyelelewa na dansi hiyo ni njaa, naikubali. CPR ungekuwa na sebene la dakika moja tu mwishoni ningehamia Isle of Wight.

Namna ya kusikiliza, hili ni muhimu. Hizi sabufa zetu zinazouzwa mjini, ukishuka Makoroboi utazikuta zimepangwa mpaka barabarani, zimetengenezwa kwa ajili ya kupiga kifua, ule mdundo mkubwa wa chini. Besi ya Ellis sio ya kifua, ni ya katikati, ina kwaruzo la nyuzi na vidole. Ukiacha sabufa kama ilivyotoka dukani unapata uji, kwa hiyo shusha kitufe cha besi kabisa, pandisha treble kidogo, utaona nyuzi zinajitokeza. Hedifoni ya waya ya kawaida inatosha na kwangu ni bora kuliko hizi za bluetooth za bei ya chini ambazo snea inasikika kama karatasi. Kwenye gari iko vizuri kwa sehemu kubwa. Tulienda kupiga harusi Sengerema, siku hizi toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 ile foleni ya kivuko hamna tena, unapita juu ya maji kilomita tatu vioo viko chini, na catch these fists kwenye lile daraja ilikuwa ni kitu kingine, hata dereva ambaye ni mtu wa taarabu aliomba irudiwe. Ila 11:21 usijaribu kwenye gari, upepo unaimeza yote.

Kuhusu kuipata, iko kwenye majukwaa yote ya kawaida, Spotify, YouTube na kwingineko, na wala sio mzigo kwa bando. Nyimbo 12, haifiki dakika 40 yote, kwa kiwango cha kbps 128 haifiki hata MB 40, kwa hiyo ishushe mara moja ukiwa na waifai uhifadhi kwenye simu usikilize bila kuunguza data kila siku. Tafadhali isikilizeni kwa mpangilio wake angalau mara ya kwanza, kwa sababu ule mwendo wa CPR mpaka mangetout umepangwa makusudi, hasira na mahaba vinapokezana, ukiweka shafo unaupoteza.

Tahadhari kwa wenye watoto na wazazi ndani: kuna matusi ya Kiingereza, sio mengi lakini yapo na yanasikika vizuri. Mama yangu Kiingereza chake ni cha shule ya misheni na liquidize ikiwa inapita sebuleni aliniita kwa jina langu la ubatizo, na akiniita hivo najua nimeharibu, nikazima. Pillow talk ndo usithubutu kabisa.

Kwa mwenye nafasi ya wimbo mmoja tu achukue mangetout, mpiga besi aanze na CPR na kiganja kiwe juu ya nyuzi, mtu wa nyimbo za taratibu aende moja kwa moja 11:21 aje kwangu tuongee. Sisi kwenye bendi CPR tumeshauweka kwenye orodha, tumeushusha kidogo mwendo ili watu wazima waucheze, na mpiga solo wetu ameshaanza kuutafutia sebene.